Jumapili Filesi Aliponyamaza

Kanisani kwao, chini ya mlima Mulanje huko Malawi, mtu hakuhesabiwa kuwa ameshukuru mpaka Filesi apige vigelegele. Haikuandikwa popote, ilikuwa desturi tu. Baada ya sadaka, mwenye shukrani alisimama, akapeleka mbele kuku wake au kikapu chake cha mbaazi, akaeleza Mungu alivyomtendea, kisha watu wote wakasubiri. Filesi akianza, akina mama wengine walidakia, na mwenye shukrani akasindikizwa kwa shangwe mpaka kwenye benchi lake. Kumtangulia Filesi ulikuwa utovu wa adabu. Mgeni mmoja aliwahi kumtangulia, wenyeji wakamkodolea macho mpaka akajifanya anakohoa.

Kwa miaka ishirini Filesi aliwashangilia wote: waliojifungua, waliofaulu mitihani, waliopona malaria, hata mzee aliyemshukuru Mungu kwa mbuzi aliyepotea na kurudi mwenyewe. Walimtania kwamba siku akifika mbinguni malaika watamwomba apunguze sauti.

Basi Jumapili hiyo ya Oktoba, jua likiwaka na mvua ikiwa bado haijaonyesha dalili, alisimama Lezita.

Lezita na Filesi walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa mabua tu. Miaka mitano nyuma, wana wao wa kiume walipanda basi moja kwenda Joni, kama watu wa huko wanavyoiita Johannesburg: Yamikani wa Lezita na Mavuto wa Filesi. Alhamisi iliyopita Yamikani alirudi, na begi kubwa na ndevu. Mavuto hakuwa amesikika kwa miaka mitatu.

Yamikani hakuwa na hatia yoyote, na Filesi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kabla hata ya kufungua begi lake kijana alikwenda kumwamkia, akachuchumaa mlangoni na kupiga makofi polepole kwa heshima.

"Mama, sitakuficha kitu," alisema. "Mavuto aliniaga akaenda mashamba ya machungwa, mbali na mjini. Alisema ni msimu mmoja tu. Simu yake ikazima. Nimekwenda huko mara mbili, nimeuliza kila Mmalawi niliyekutana naye. Sikumpata."

Akampa blanketi zito lenye picha ya chui. Filesi alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru vizuri kabisa. Kijana alipoondoka, Filesi akalisukuma chini ya kitanda likiwa bado ndani ya nailoni yake.

Sasa Lezita alisimama mbele na jogoo kwapani, mwanawe kando yake ndani ya shati jipya.

"Mwanangu alikuwa mbali, sasa yuko nyumbani," alisema. "Sina la zaidi."

Akacheka, akasubiri.

Filesi alifungua mdomo. Ndipo lilipomjia lile swali ambalo alikuwa akilikwepa tangu Alhamisi: kwa nini wake, si wangu? Akaufunga mdomo. Hakuwa mgonjwa wala hakuchoka. Alijua anachokifanya wakati uleule anaokifanya, na akakifanya.

Kanisa zima lilimgeukia. Jogoo akapiga kelele, akanyamaza naye. Lezita alitazama upande wa akina mama, tabasamu likiwa bado limemkaa usoni kama nguo aliyosahau kuivua, kisha akashika njia kurudi kwenye benchi, na watu wakasikia ndala zake zikipiga sakafu ya saruji mpaka alipoketi. Mzee wa kanisa akataja namba ya wimbo haraka haraka.

Jumatatu kwenye kisima cha pampu, Nambewe alikuwa anamsubiri. Nambewe ni mwanamke ambaye habari haimpiti bila kulipa ushuru.

"Dada, jana kulikoni? Umemnyima mwenzio."

"Koo tu," alisema Filesi.

"Koo, au kuna jambo? Maana vijana waliondoka wawili, karudi mmoja."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Filesi angesema, ni kijicho changu, kijana hana kosa, na mambo yangeishia palepale penye tope. Badala yake alijitwika ndoo.

"Mungu ndiye anayejua," alisema.

Maneno ya kanisani kabisa, huwezi kuyalaumu. Kufika Jumatano ilishasemwa kwamba Yamikani alimtupa mwenzake njiani. Kufika Alhamisi alikuwa amemuuza kwa majambazi, na lile begi kubwa ndiyo bei yake. "Lisemwalo lipo," Nambewe alisema, "na kama halipo, laja." Kwenye mashine ya kusaga, Lezita alipoweka ndoo yake ya mahindi kwenye foleni, mwanamke wa mbele alisogeza yake kando, na wa nyuma vilevile. Filesi alikuwa amesimama pale pale. Aliona. Akashughulika kufunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

Usiku huo aliiacha nsima, ugali wa kwao, sahanini. Alijaribu kuomba akaona haya kuanza, kama mtu anayetaka kuazima tena kabla hajarudisha cha kwanza. Miaka ishirini watu walimsifu kwa furaha yake, na kumbe ilikuwa furaha ya mtu ambaye hajaguswa. Aliwashangilia kwa sababu hawakuwa na kitu alichokitamani. Alipoliona hilo alijionea aibu hata mbele ya kuku wake.

Jumamosi alizunguka ule ua wa mabua, mikono mitupu, akabisha hodi. Lezita alikuwa anapepeta mbaazi.

"Karibu. Kiti kile pale."

Filesi hakukaa. "Nimekuja kuomba msamaha, ndugu yangu. Ile Jumapili..."

"Koo. Niliambiwa."

"Halikuwa koo. Ni kijicho. Nilimwona mwanao nikamkosa wangu, nikakunyima makusudi. Halafu nikawaacha watu waseme, na mimi najua ukweli. Kesho nitasimama niseme mbele ya wote. Lakini nataka nianze na Yamikani mwenyewe. Mwite."

Lezita alirusha mbaazi juu, akazidaka, akapuliza maganda.

"Yamikani hayupo."

"Kaenda sokoni?"

"Kaenda Joni. Jana, kwa basi la asubuhi."

Filesi alikaa, si kwenye kiti, chini. "Kwa maneno ya watu?"

"Maneno ya watu aliyacheka. Alisema midomo ya watu wa kwetu ni mirefu kuliko njia ya Joni." Lezita akaweka ungo chini. "Ni wewe. Aliniambia, 'Mama, mama Filesi hakunishangilia. Basi bado sijarudi. Naenda kumtafuta Mavuto.' Nilimshika shati, nikamlilia. Pasipoti yake imeisha muda, Filesi. Atavuka kwa kupita porini, kule wanakoibiwa watu na kuuawa."

Kuku walisogelea ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Sasa tumelingana," alisema Lezita. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, ila uchovu tu. "Wewe huna, mimi sina. Kesho nikisimama kumshukuru Mungu kwamba nilikaa na mwanangu siku nane, utaweza kunishangilia?"

Filesi aliinuka. Akarudi kwake kwa njia ileile, ameinamisha kichwa.

Kesho yake kanisani alisimama kabla hajaitwa mtu, bila kuku wala kikapu. "Yamikani wa Lezita alirudi nyumbani akiwa hana kosa lolote," alisema. "Alimtafuta mwanangu, akanieleza yote. Mimi nilinyamaza kwa kijicho, na kwenye kisima nikasema Mungu anajua, nikimsingizia Mungu. Sasa kijana kaenda kuhatarisha maisha yake kwa ajili yangu." Nambewe aliangalia miguu yake. Mzee wa kanisa alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga.

Filesi akageukia upande wa wanaume, penye nafasi Yamikani alipokaa wiki iliyopita, akapiga vigelegele. Akina mama hawakudakia. Hawakujua kama hii ni shukrani au ni kilio. Ilibaki sauti yake peke yake, nayo ikakatika katikati. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alimtazama Lezita, na Lezita hakuinua kichwa.

Filesi akavuta pumzi, akaanza tena.