Mpaka Uzito Usishuke Tena

Meneja aliweka simu juu ya meza ya maabara, namba ya kituo cha polisi ikiwa tayari kwenye kioo.

"Saa tano na nusu," alisema. "Ikifika hiyo na hujanionyesha kitu, Bi Nukta, napiga."

Jina hilo mkemia alibandikwa na mafundi wa kiwanda, mahali ambapo vyuma vilipakwa shaba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikata namba zinazofuata nukta. Hakulichukia. Aliangalia saa ya ukutani: tatu na dakika arobaini.

Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango alikaa mtunza ghala, mdogo wa mume wa Bi Nukta, aliyeajiriwa miaka miwili nyuma kwa barua ya udhamini ya huyu huyu shemeji yake. Mwezi mmoja na nusu uliopita alipokea pipa la mrututu, fuwele za buluu za kupakia shaba, kilo hamsini kamili. Asubuhi hii limepimwa likakutwa na arobaini na moja.

"Nimeshasema, bosi. Ulikuwa umegandamana, nikautandaza kwenye sinia kando ya boila. Siku nne. Umepungua kwa kukauka."

"Ukauke nini? Niliushika mwenyewe ulipoletwa, mkavu kama chumvi. Kilo tisa za maji! Si tungeogelea humu?"

"Mimi siogelei, bosi. Muulize shemeji."

Mlinzi alisimama nje ya mlango, mikono nyuma.

"Mrututu mkavu nao una maji," alisema Bi Nukta. "Ile fuwele ya buluu imejengwa kwa maji. Katika kila gramu mia, thelathini na sita ni maji. Si arobaini leo na ishirini kesho."

"Nani kasema?"

"Mizani. Wakemia waligombana juu ya jambo hilo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wengine walishikilia kwamba vitu huungana kwa kiasi chochote, kama mpishi anavyotia chumvi kwa jicho. Wenye subira wakapima, wakapima tena, kiasi kikawa kilekile. Ndipo mwalimu mmoja akasema vitu vimejengwa kwa chembe, atomi, na nusu ya chembe haiungani na kitu. Hakuwa ameiona hata moja. Alichokuwa nacho ni uzito tu. Katika mrututu, kila atomi ya shaba ina molekuli tano za maji. Boila inaweza kufukuza maji. Haiwezi kufukuza shaba."

"Kwa hiyo?"

Akachukua karatasi, akapiga hesabu mbele yake. Kama hakuna kilichoibiwa, kilo arobaini na moja zilizobaki zina ile sehemu kavu yote ya kilo hamsini. Gramu kumi zikichomwa mpaka maji yote yatoke, zitabaki 7.80. Kama ni kilo tisa zilizoibwa na zilizobaki hazikupoteza maji, zitabaki 6.39. Akaziandika namba zote mbili kwa kalamu ya wino, akaweka sahihi, akamsogezea karatasi.

Meneja aliisoma mara mbili. "Damu nzito kuliko maji, mama. Huyu ni shemeji yako."

"Ndiyo maana utapima wewe."

Walimwaga pipa zima juu ya turubai. Meneja alikunja mikono ya shati akaugeuza mrututu kwa koleo, kwani wa juu ya sinia hukauka kuliko wa chini, na kijiko cha mahali pamoja husema uongo. Rangi yake ilikuwa imefifia kama sare iliyofuliwa miaka. Wakaugawa mafungu manne, wakatupa mawili, wakachanganya, wakagawa tena, mpaka kikabaki kiasi cha kujaza kiganja cha mkono. Meneja akausaga, akapima gramu kumi kwenye kibakuli cha kauri.

"Kanuni ni moja," alisema Bi Nukta akiwasha gesi. "Tunachoma, tunapooza, tunapima. Tunarudia mpaka vipimo viwili vinavyofuatana viwe sawa. Moto usizidi. Ukizidi, mrututu unageuka mweusi, na hesabu inaharibika."

Saa nne na dakika thelathini na tano meneja aliinamia mizani. "Nane nukta moja mbili."

"Bado."

Wakachoma tena. Jasho lilikuwa limechora mstari shingoni mwa mtunza ghala. Aliwatazama kama mtu anayesubiri penalti.

Saa nne na dakika hamsini na tano. Meneja aliinama, akanyanyuka, akaichukua karatasi, akainama tena.

"Saba nukta nane sifuri," alisema taratibu. "Namba yako hasa, Bi Nukta. Sikuamini. Kijana, nakuomba radhi."

Mtunza ghala aliinuka kitini. "Nilisema mimi! Tisa zote hewani!"

Meneja akaichukua simu yake. Bi Nukta hakuondoa macho kwenye kibakuli. Katikati ya unga mweupe palikuwa na kivuli cha buluu, hafifu, ambacho mtu mwingine angekiona ni kivuli cha ukingo. Na alikuwa akikumbuka bustani ya mama mkwe. Mwezi uliopita nyanya zake zilishambuliwa na ukungu, kisha zikapona, majani yakiwa na madoadoa ya buluu. Mrututu na chokaa ni dawa ya ukungu. Hilo analijua hata mkulima asiye na shule. Alizila nyanya hizo. Hakuuliza.

"Ni kipimo kimoja," alisema. "Vipimo viwili havijalingana."

"Shemeji," mtunza ghala alisema kwa sauti ndogo, "bosi kasema basi."

"Nimesikia."

Akarudisha kibakuli motoni. Kwa dakika kumi na tano aliulinda moto usizidi. Kivuli cha buluu kilisinyaa, kikaisha.

"Saba nukta sita sifuri," alisoma meneja.

Wakachoma mara ya nne. Saa tano na dakika ishirini na saba: saba nukta sita sifuri.

"Umeunguza," alisema mtunza ghala. "Umezidisha moto!"

Bi Nukta alimwonyesha unga. Ulikuwa mweupe, hauna hata chembe nyeusi. Kisha akaandika chini ya namba zake mbili. "Sehemu kubwa ya kilichopungua ni maji. Karibu kilo nane. Hapo alisema kweli." Akavuta pumzi. "Iliyobaki si maji, sehemu kavu nayo haijatimia. Mrututu wa kilo moja na robo umetolewa ukiwa bado wa buluu."

Meneja alimgeukia mtunza ghala. Huyu alikaa tena, polepole.

"Kilo moja na robo," alisema. "Kopo moja la rangi. Nilimpelekea mama."

Meneja aliizima simu. "Kwa kilo tisa ningekufunga. Kwa kopo, acha funguo za ghala mezani uende nyumbani."

Funguo ziligonga meza. Mtunza ghala alisimama mlangoni, mlinzi akampisha.

"Ungesimama kwenye saba nukta nane, shemeji. Ilikuwa namba yako mwenyewe."

"Haikuwa imesimama."

Alipoondoka, Bi Nukta alidondosha tone moja la maji kwenye kibakuli. Unga ulitoa mlio mdogo, ukapata joto, ukawa buluu. Akaosha kibakuli. Jioni angekutana na mama mkwe mezani.