Malkia wa Kughushi

Fundi meno alishinda na bandia na kulala na bandia, ndivyo mkewe alivyopenda kumtania. Mchana alitengeneza meno ya watu. Jioni alikaa na sarafu zake za kale, ambazo nyingi hazikuwa za kale hata kidogo. Na zile chache za kale zilikuwa zimechongwa upya: mfalme kanyolewa ndevu akawa mwanawe, farasi kaongezwa mabawa. Mashemeji walimwita Bwana Bandia. Hakukasirika. Sarafu halali, alisema, hutengenezwa kwa amri. Ya kughushi hutengenezwa na mtu aliyejifungia peke yake, moyo unamdunda na mkono hautakiwi kutetemeka.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya fedha, yenye malkia aliyetazama upande. Nywele zilichongwa unywele kwa unywele. Lakini kwenye sarafu halali malkia huyo ana mdomo ulionyooka; huyu wa kughushi, mdomo wa chini umeutangulia wa juu, kama mtu anayejizuia kucheka. Fundi hakuelewa mkono hodari namna hiyo ulikoseaje.

Siku moja akaja bibi mjane, kinywa kitupu. Alitaka meno kama yake ya zamani, ila picha zake za ujana zilikuwa zimeharibiwa na maji ya mvua. Fundi akachukua kipimo cha taya, akakimiminia plasta kupata mfano wake, akampangia meno mazuri, yaliyonyooka kama kawaida. Alipojaribishwa mbele ya kioo, bibi akasema kwa upole, "Ni mwanamke mzuri, mwanangu. Ila simjui."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Bibi alipoondoka, akalishika tena taya la plasta, akaligeuza upande penye mwanga wa dirisha. Kidevu kile alikiona wapi? Alipokumbuka, alikwenda nyumbani mbio bila kuvua koti la kazi, mpaka mkewe akadhani kuna msiba.

Bibi aliporudi, fundi akamwekea kiganjani sarafu ile ya malkia pamoja na lenzi. Bibi akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mabega yakaanza kutikisika, na fundi hakujua ni kilio au kicheko.

"Mzee huyu," bibi alisema akifuta macho. "Aliniambia anachonga vifungo vya makoti."

Akasimulia kwamba marehemu mumewe alikuwa mchonga mihuri, na katika maisha yake hakujua kuchora uso wa mwanamke mwingine. Hata yule mama kwenye muhuri wa kiwanda cha sabuni alikuwa yeye, na mawifi walimsema wakachoka. Fundi alisikiliza kama mwanafunzi. Aliuliza marehemu alitumia patasi gani, alikaa upande gani wa dirisha, aliimba akifanya kazi au alinyamaza.

Meno yakapangwa upya kwa kuifuata sarafu. Fundi aliyabandua kwenye nta ya kupangia akaanza tena, na tena, maana hakutaka mkono wake uaibike mbele ya mkono ule. Siku ya kuyavaa, bibi aligeuka upande mbele ya kioo, mdomo wa chini ukatangulia. Alijitazama hadi aliposhiba.

Fundi akamwambia achukue sarafu, ni yake. Bibi akakataa.

"Baki nayo, umsifu wewe. Nikimsifu mimi, hata huko aliko atavimba kichwa."

Aliomba tu kuwaleta wajukuu waone kazi ya babu yao. Walikuja Jumapili, wakagombania lenzi.