Chai Baridi ya Shangazi Mbele ya Hakimu Sufuria

Usiku wa kuamkia leo niliota shangazi yangu, Bi Mize, yuko mahakamani, na hakimu ni sufuria yake mwenyewe ya kuchemshia ukili wa mikeka.

Kesi ilikuwa hii. Shangazi akishatia ukili rangi, huulaza kwenye chai baridi, ndiyo maana zambarau yake haichuji. Akaomba hataza, ile hati ya kumlinda mgunduzi. Kiwanda kimoja kikapinga: jambo lenyewe liko wazi, fundi yeyote angeliwaza. Kikishinda kitalichukua, na jina la shangazi halitatajwa popote.

"Basi aletwe fundi yeyote," Hakimu Sufuria akasema.

Akaletwa. Ndilo jina lake, Fundi Yeyote. Si mrefu si mfupi, si mwerevu si mjinga.

Mara tuko jikoni kwa shangazi, mtaa mzima umejaa, wengine wamekaa juu ya kabati. Fundi anapewa ukili, rangi, moto na birika la chai.

"Asiambiwe kitu," hakimu anasema. "Akidokezwa tu, Bi Mize kashindwa."

Watu wote wananigeukia.

"Mbona mimi?"

"Zuwena, mwanangu," shangazi anasema kwa upole, "posa ya jirani yetu Mkasi tuliisikia kwako kabla Mkasi mwenyewe hajaijua."

Fundi anachemsha. Anatia chumvi. Ukili unachuja vilevile. Ananitazama.

"Dada, hili birika la nini?"

Ulimi unaniwasha. Birika lenyewe linaninong'oneza: "Mwambie, mimi sitasema." Nasokomeza pindo la kanga mdomoni.

Fundi analiangalia birika. Anamimina kikombe. Anakunywa. Anamimina cha pili.

"Umewaza nini?" hakimu anamuuliza.

"Nimewaza ni chai," anasema. "Imepoa, ila nzuri."

Hakimu anagonga kifuniko. "Haliko wazi. Hati ni ya Bi Mize."

Vigelegele mpaka juu ya kabati. Shangazi ananishika shavu. "Leo umenyamaza, mwanangu. Hilo nalo lipewe hati."

Nikaamka, pindo la kanga limelowa mdomoni. Shangazi alikuwa jikoni, analalamika.

"Nani kanywa chai yangu ya ukili? Zuwena, wewe hukosi habari."

Nikaenda kutazama. Birika tupu. Kwenye mkono wa birika, alama za vidole za zambarau, si vinene si vyembamba.

Nikanyamaza tena.