Vidole vya Mama Kerubo

"Jaribu tena," mashine ilisema kwa sauti laini, na mama akabonyeza vidole kwenye kioo kama anayekanda unga. Taa ikawaka nyekundu. Nyuma yetu foleni iliguna.

Ilikuwa mwaka juzi, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Kesho yake ningevaa joho la uzamili, na nilikuwa nimeapa sitalivaa mama akiwa Kericho. Nikaenda mwenyewe kumchukua. Sasa askari wa uhamiaji alishika pasipoti yake akitikisa kichwa. Bila alama za vidole, arudishwe kwao.

"Mama, umeifanya nini mikono?"

Akainamisha macho. "Niliisugua. Kwa ndimu, halafu kwa stilwuli ya kusugulia sufuria."

Utomvu wa chai huacha weusi usiotoka vidoleni, na hakutaka Wachina wauone siku ya kunipongeza. Kuchuma chai miaka yote hiyo kulikuwa kumezila alama za vidole vyake; alisugua mpaka akaondoa hata zile chache zilizobaki.

Japheth, mfanyabiashara wa mikoba tuliyefahamiana naye kwenye ndege, akaona ndio wakati wa somo. "Mnajua haya mambo ya vidole ni ya Mskoti? Daktari wa misheni, kule Japani. Hao watu bwana! Simu wao, penisilini wao. Dunia ingekuwa wapi?"

Nilimgeukia damu imenipanda. "Na mashamba ya chai ya kwetu, si walipanda haohao? Mama yangu amechuma humo tangu hajaolewa. Wamemfuta alama, halafu wanamwuliza ziko wapi! Ala! Hilo nalo mbona hulitaji?"

Mama akanivuta mkono. "Mwanangu, usinitie aibu ugenini."

Aibu! Nilitaka kulia kwa hasira. Aibu hiyo haikuwa yake hata kidogo, na bado yeye ndiye aliyeibeba mpaka China.

Askari wa kike akaja na kifaa kidogo, akajaribu kidole kimoja kimoja. Gumba, wapi. Cha shahada, wapi. Cha kati na cha pete, vilevile. Akashika kile cha mwisho, kidogo, ambacho mchuma chai hukikunja pembeni wakati vidole vingine vikikata majani.

Taa ikawa kijani.

Mama alikiinua kidole kile, akakitazama.

"Kumbe," akasema, "huyu mvivu ndiye wanayemjua."