Kesi ya Bunduki ya Kituruki

Hollis Tackett aliitumbukiza bunduki mpya ya Orville Stroud kwenye ndoo ya maji ya mtaroni, akaikoroga kama anasonga ugali, akaitoa inachuruzika tope na kumkabidhi mwenyewe.

"Haya, piga."

Orville akapiga. Bunduki ikatema ganda, ikajikoki, akapiga tena, na tena, na makopo ya rangi yaliyopangwa kule mwisho wa shamba la mpunga yakaruka moja baada ya jingine. Hollis akatazama makopo, akatazama ndoo, akapumua kwa masikitiko.

"Ndoo haijaiweza," akasema.

"Uliitaka iwezwe, Mjomba?" akauliza Raylene, binti yake Orville.

"Mimi ni hakimu, mwanangu. Hakimu hataki kitu. Ila bunduki ya bei hii ingekuwa na adabu, ingekwama mapema tukale."

Sasa, msiniulize nani alianzisha mambo ya kuzishtaki bunduki kambini kwetu, sisi wawindaji wa bata. Tumezikuta hizo kesi na tunaziendeleza. Ukija na bunduki mpya ya marisau, hata uwe umeinunua kwa bei ya trekta, inawekwa chini ya ulinzi siku hiyohiyo. Inatumbukizwa ndooni, inalazwa barazani ipigwe na jalidi, inalishwa risasi za rahisi kuliko zote zilizoko dukani, halafu mwenyewe anaingia nayo msituni, majini, asubuhi za wikiendi nzima. Ikigoma sana mbele ya bata, inapigiliwa misumari ukutani kwenye banda la maboti, na jina lako linaandikwa chini yake kwa chaki. Pale ukutani kuna za watu wenye heshima zao, mmoja mchungaji.

Hii ya Orville ilitoka Uturuki. Ilikuwa nyepesi, nyeusi ti, kitako cha plastiki, na aliyeinunua alikuwa Raylene, kwa mshahara wake wa kwenye ghala la mpunga. Alikuwa na sababu. Mwaka ule Orville alifanyiwa upasuaji wa bega la kushoto, na ile bunduki yake ya zamani, ya kuvuta kwa mkono kila ukipiga, ikawa haimfai tena. Mzee akaitundika na kusema basi, bata wamepona. Na Raylene hakuipenda hiyo 'basi' yake hata kidogo, maana ilikuwa ya nne au ya tano. Tangu mama yake, Nadine, afariki, Orville alikuwa anaacha vitu kimoja kimoja. Aliacha kuvua samaki. Akaacha kwaya. Akaacha karata za Alhamisi, eti wenzake wanaiba, ambalo ni kweli, lakini wameiba miaka yote hiyo na yeye akiwemo. Kilichobaki kilikuwa msitu na bata. Raylene aliona wazi kwamba hicho nacho kikienda, baba atabaki na kiti na televisheni, na baada ya hapo hakuna kingine cha kuacha ila kuamka.

Kwa hiyo akanunua bunduki inayojikoki yenyewe. Orville aliipokea, akaigeuzageuza, akasema asante mama, halafu akaongeza maneno ambayo Raylene hakuyasahau.

"Nitaijaribu kwa ajili yako. Lakini ikigoma, usinibembeleze tena. Nafasi yangu kambini Hollis aitafutie mtu mwingine."

Ndiyo maana pale shambani, makopo yaliporuka, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Raylene.

Jumamosi, kabla hata hapajapambazuka vizuri, wakaingia msituni na boti, watu watatu na mbwa mmoja, Biskuti, ambaye anajiona ndiye mwenye kambi. Mialoni imesimama ndani ya maji yanayofika mapajani, na kila mtu anachagua mti wake, anajibanza nao, anafunika uso. Bata wa bandia, wa kuwavutia wa kweli, wanaelea katikati kwenye uwazi. Hollis akapuliza filimbi yake ya kuiga mlio wa bata, na kundi likazunguka mara moja, mara mbili, likaanza kushuka kupitia matawini, mabawa yakipepea, miguu ya rangi ya machungwa imetangulizwa mbele.

"Sasa," akanong'ona Hollis.

Orville akapiga, bata mmoja akaanguka. Akafyatua tena. Kimya. Bata wengine wakajiondokea zao bila haraka, na mmoja akanya juu ya kofia ya Hollis.

"Imegoma," akasema Orville.

"Hilo nimeliona," akasema Hollis akijifuta. "Na adhabu nimeipata mimi."

Kundi la pili, imegoma. La tatu, imegoma. Kila mara ilikuwa vilevile, inapiga moja halafu inanyamaza na ganda limebanwa mlangoni. Raylene akavuka maji, akaichukua, akasimama pale katikati karibu na bata wa bandia, akapiga hewani. Ikamaliza risasi zake zote bila kukohoa.

"Haya niambieni," akasema Hollis. "Kwa binti inaimba, kwa mzee inanuna. Orville, umeitukana nini hii bunduki?"

"Sijaongea nayo."

"Labda ndilo tatizo. Waturuki ni watu wa salamu."

"Uishike kwa nguvu, Baba," akasema Raylene. "Kijitabu chake kinasema ukiilegeza haifanyi kazi. Ibane kabisa begani."

"Nitaibana," akasema Orville, na akaibana. Ikawa mbaya zaidi.

Mchana Raylene aliifungua yote juu ya meza ya jikoni kambini, akaifuta mafuta ya kiwandani, akakagua springi, akapitisha kitambaa kila kitundu, huku Hollis akikoroga sufuria la supu ya bata na bamia na kutoa hukumu za awali. Bunduki haikuwa na kosa. Ilikuwa safi kuliko masufuria. Lililomtia Raylene wasiwasi halikuwa pale mezani. Alikuwa ameinua macho akamwona baba yake kwenye kiti karibu na jiko la kuni, anaitazama bunduki imelala vipande vipande, na usoni hana hasira hata chembe. Anamjua baba yake. Huyu ni mtu anayeigombeza mashine ya kukata nyasi ikichelewa kuwaka. Leo amegomewa asubuhi nzima mbele ya Hollis Tackett, na amekaa pale ametulia kama aliyesamehewa deni.

"Msumari nimeshauchagua," akasema Hollis. "Kesho ikirudia tu, naipeleka ukutani. Pole, mwanangu. Umejitahidi."

"Kesho bado," akasema Raylene.

"Hata kesho ni ileile," akasema Orville kwa upole. "Usijisumbue."

Raylene alikwenda kuosha vyombo ili asimjibu baba yake vibaya. Alikuwa amekasirika, na alikuwa anaogopa.

Jumapili kulikuwa na barafu nyembamba juu ya maji, boti ikawa inaivunja kwa kelele. Raylene aliamua hatatazama bata. Akasimama mti wa pembeni, bunduki yake mwenyewe akaitundika kwenye tawi, akamtazama baba yake tu.

Kulikuwa hakuna upepo, na bata wa bandia walikaa wamenata kama wamegandishwa. Siku kama hiyo mtu hupiga teke maji, mawimbi yaende, hao bandia wacheze waonekane wako hai. Kazi hiyo tangu Raylene akiwa mtoto ilikuwa ya Orville. Alikuwa anapiga mateke maji yale mpaka watu wanamwomba aache.

"Hollis," akaita Orville, "hebu tikisa maji kidogo."

"Mguu wako umepata cheo?"

"Tikisa bwana, wanakuja."

Hollis akapiga teke, kundi likazunguka, likashuka. Na Raylene, badala ya kuangalia juu, akaona kila kitu. Orville hakuwa amejibanza na mwaloni kwa kujificha. Alikuwa ameuegemea kwa uzito wake wote, mgongo na bega la kulia vimegandamana na gome, visigino vimechomekwa kwenye mizizi. Alipoinua bunduki mkono wake ulikuwa thabiti kama zamani, lakini magoti yalikuwa yanatetemeka na kutia viduara kwenye maji. Akapiga moja. Ikagoma.

Sasa bunduki ya aina hii inaishi kwa teke lake mwenyewe. Ikilia lazima irudi nyuma kidogo, mtu atikisike nayo, hapo ndipo springi inapopata nguvu ya kutupa ganda na kuvuta risasi nyingine. Ukiweka bega, na nyuma ya bega ukaweka mwaloni wa miaka mia, itarudi wapi? Shambani, kwenye nchi kavu, mzee alisimama mwenyewe na bunduki ikaenda. Humu majini alikuwa anasimamishwa na mti. Na jana Raylene ndiye aliyemwambia aibane zaidi.

"Imekwisha," akasema Hollis kutoka kwenye mti wake, na hakuwa anatania tena. "Samahani, Orville. Kesi imekwisha."

Raylene alikuwa na maneno mdomoni. Angeweza kuyasema pale pale, bunduki haina kosa, ni miguu ya baba, na bunduki ingeachiwa huru, lakini baba yake angekwisha. Akayameza.

"Bado asubuhi ni mbichi, Mjomba," akasema. "Kundi moja tu zaidi."

Akavuka maji mpaka kwa baba yake, akampita, akajipenyeza kati yake na mwaloni. Orville akayumba, akashika tawi.

"Unafanya nini wewe?"

"Naegemea mti. Wewe niegemee mimi."

"Raylene, toka hapo."

"Sitoki."

Wakabaki hivyo, maji yakizizima mapajani. Hollis alikuwa anajishughulisha sana na filimbi yake, anaipuliza, anaichungulia, anaipuliza tena, kama mtu ambaye hasikii kitu.

"Tangu lini, Baba?" akauliza Raylene kwa sauti ya chini.

Orville hakugeuka. "Tangu msimu uliopita. Bega lilinipa kisingizio. Halafu ukaja na hii bunduki yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngeniacha kambini nimenye viazi. Nilitaka igome, mwanangu. Nilitaka watu waseme bunduki imemshinda, basi. Siyo waseme Orville hawezi kusimama."

Raylene alitaka kulia, na alitaka kumpiga kibao baba yake, vyote kwa pamoja. Hakufanya chochote katika hivyo. Akamshika kiunoni kwenye mkanda wa suruali yake ya mpira, kwa mikono miwili.

"Mimi siyo mti," akasema. "Ukirudi nyuma nami nitarudi. Lala tu."

Ikamchukua muda. Kwanza akagusa tu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha ugenini. Halafu uzito ukaja kidogo kidogo, mgongo wa baba yake ukajaa kifuani mwake, na Raylene akashangaa, maana alikuwa amejiandaa kubeba mtu mzito.

"Wako juu," akasema Hollis.

Walikuwa wengi, vichwa vya kijani vikimeta kwenye jua la kwanza. Wakazunguka, wakarudi, wakafunga mabawa na kujiachia katikati ya matawi. Orville akainua bunduki. Mlio wa kwanza Raylene aliusikia kwa mbavu, bega la baba likamsukuma, naye akasukumika, na ganda jekundu likaruka mbele ya pua yake. La pili likaruka. La tatu likaruka likaangukia majini likafuka moshi. Bata watatu walikuwa wanaelea na Biskuti ameshajitupa, anaogelea kwa fujo kana kwamba amewapiga yeye.

Mbwa akaleta wa kwanza.

"Sheria ya kambi inasema mwenye bunduki apige mwenyewe," akaanza Hollis polepole, akikuna kidevu. "Na kapiga mwenyewe, nimemwona. Sheria haisemi awe amesimama na nani." Akasafisha koo. "Bunduki iko huru. Msumari wangu nitautumia kutundikia taulo."

"Asante, Mjomba," akasema Raylene.

"Usinishukuru. Mimi nina watoto wa kiume wawili na wote wako Dallas, na mti wangu una siafu. Nani atanishukuru mimi?" Akaanza kukusanya bata wa bandia, akizivuta kamba zao. "Twendeni sasa. Kambini kuna soseji na mchuzi mweupe, na mimi sijala tangu dunia iumbwe."

Raylene akalegeza mikono ili baba yake ajiandae kuelekea kwenye boti. Orville hakusogea. Mgongo ulikuwa palepale, umelala kifuani mwake, na vidole vyake vya baridi vilikuwa vinatafuta risasi mfukoni na kuzisukumia ndani ya bunduki, moja, nyingine, nyingine.

"Nenda wewe Hollis," akasema, macho yakiwa juu matawini. "Hao bandia waache walipo. Sisi bado."