Doa Jeupe

Bwana Tochi alipiga magoti mchana kweupe, akawasha tochi yake na kulimulika doa la mafuta kama mtu anayetafuta sindano mvunguni. Jua la Nachingwea lilikuwa utosini, hata sisimizi angeonekana kwa umbali wa hatua kumi, lakini yeye aliiamini tochi kuliko jua. Jina lake halisi la Kizungu lilikuwa gumu kutamka, basi wafanyakazi wakampa la kile kisichomtoka mkononi.

"Bado," alisema. "Mimi naona bado."

"Ndiyo, bwana," alijibu Lukumani.

"Doa kwisha, wewe kwenda. Doa bado, wewe hapa."

Akainuka, akajikung'uta magoti, akaingia ndani. Kipande cha Lukumani, ile kadi yake ya kazi, kilikuwa humo humo ndani, kwenye droo yenye kufuli. Mtu aliyeondoka bila kipande chake alihesabiwa kuwa ametoroka kazi, na waliotoroka walipelekwa Lindi kufungwa. Lukumani aliwajua wawili.

Njia ile ya saruji ilimwagwa mwaka uliopita, mradi wa karanga ulipowaleta Wazungu na matrekta na nyumba za mabati. Ilitoka getini mpaka kwenye baraza, hatua sitini. Gari la Bwana Tochi lilikuwa likivuja mafuta, na kwa miezi mingi lilidondosha pale pale mbele ya ngazi, mpaka saruji ikashiba. Siku hizi kila likiegeshwa liliwekewa karai chini. Lakini doa lilikuwa limekwisha kuingia, nalo likawa kazi ya Lukumani. Alilisugua kwa mchanga, halikutoka. Akalisugua kwa sabuni, likang'aa. Akalimwagia mafuta ya taa kwa ushauri wa Dastani mpishi, na doa lililokuwa kama sahani likawa kama ungo.

"Mimi nilisema kidogo," Dastani alijitetea. "Wewe umemwaga kama unazima moto."

Wakati mwingine Lukumani angecheka. Sasa hakuwa na kicheko. Mjomba wake, Mzee Nandonde, alikuwa amefariki huko kijijini Mtua, na siku ya mazishi yeye alikuwa hapa, amepiga magoti juu ya mafuta ya mtu mwingine. Jumapili ya wiki hii ingekuwa arobaini yake. Baada ya hitima, jina la marehemu lingeitwa mara tatu mbele ya ukoo, na mpwa atakayeketi mkekani na kuitika ndiye angelichukua jina hilo, pamoja na mamlaka juu ya dada wote wa ukoo na watoto wao. Wapwa walikuwa wawili, yeye na Yunusi. Na Yunusi alikuwa na mkono mwepesi. Mkewe wa kwanza alikimbilia Ruangwa na jino moja pungufu.

Alhamisi Mwantumu, dada yake, alifika sokoni kuuza mafuta ya ufuta, akapita kumwona. Alisimama nje ya geti na dumu lake kichwani, maana ndani hakuruhusiwa.

"Kaka, utakuja?"

"Nimeomba ruhusa mara tatu. Anasema mpaka hili litoke."

Mwantumu alilitazama doa kupitia kwenye waya, akaguna.

"Na wewe unalimwagia maji? Kaka, umekulia nyumba gani wewe? Mama alipomwaga mafuta ya ufuta juu ya jiwe la kusagia, alilifanyaje?"

Lukumani hakujua. Alikuwa mtoto wa kiume, na watoto wa kiume hawakukaa penye ufuta.

"Udongo wa kichuguu," alisema Mwantumu. "Uutwange, uukaange mpaka ukauke kabisa. Uukande na maji ya magadi, yale tunayochuja kwenye majivu ya mabua. Ubandike, ufunike kwa gunia, usiguse mpaka kesho yake. Udongo utayavuta wenyewe. Mafuta hayafukuzwi, yanaitwa."

Kisha sauti yake ikashuka. "Yunusi ameshafika. Jana ameniuliza mbuzi wangu ni wangapi. Kaka, mimi naogopa."

Lukumani naye aliogopa, ila hakumwambia. Jioni ile ile alibomoa kichuguu nyuma ya ghala, akaukaanga udongo kwenye kipande cha bati, na Dastani akamchujia magadi kwenye chungu cha jikoni huku akilalamika kwamba mke wa bwana akinusa harufu ile wote wawili watarudi kwao. Ijumaa alfajiri akabandika. Kutwa nzima alilipita gunia lile kwa kunyata, kana kwamba chini yake amelala mgonjwa.

Jumamosi asubuhi alilifunua. Udongo ulikuwa umegeuka mweusi na mzito. Aliukwangua, akaosha kwa maji. Saruji ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Alipitisha kiganja chake pale, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapakuwa na kitu. Alicheka peke yake, akamwita Dastani, naye Dastani akaja na mwiko mkononi akapiga kigelegele cha kike. Lukumani alianza kupiga hesabu ya safari. Akiondoka saa nne, angefika Mtua kabla jua halijazama.

Bwana Tochi alikuja, akapiga magoti, akamulika. Akamulika tena. Akainuka na kurudi nyuma hatua tano, kisha kumi, akaitazama njia yote kutoka getini mpaka kwenye ngazi. Mwaka mzima wa vumbi jekundu na matairi ulikuwa umeipaka rangi ya chai. Katikati ya rangi hiyo pakang'aa duara moja jeupe.

"Hii nzuri sana," alisema. "Lakini sasa naona doa nyeupe."

"Bwana?"

"Fanya yote kama hii. Yote nyeupe. Halafu kwenda."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemsifu mwenzake, akampiga bega, akaingia kunywa chai.

Lukumani alibaki amesimama. Alizitazama hatua zile sitini, na kitu ndani yake kikatulia ghafla. Miezi yote aliamini kwamba kilichomfunga ni mafuta. Kumbe hata angeifanya njia yote iwe nyeupe, Bwana Tochi angepiga magoti tena na kukiona kingine. Hasira aliingoja, isije. Kilichokuja ni uchovu, na nyuma ya uchovu, wepesi.

Alikwenda kwenye karai lililokuwa chini ya gari, akachovya kitambaa, akarudi kwenye duara. Akalipaka mafuta taratibu, kwa uangalifu, kama mama anayempaka mtoto kichwani, mpaka weupe wote ukazama.

"Umerogwa?" Dastani aliuliza kwa mnong'ono.

"Namrudishia chake."

"Na kipande?"

"Kimo ndani. Mwambie nimekwenda msibani."

"Watakufunga, Lukumani."

"Na hapa nipo wapi?"

Dastani alimletea magadi yaliyobaki kwenye chungu, Lukumani akanawa mikono, akafungua geti.

Kesho yake, hitima ilipokwisha, aliketi kwenye mkeka mpya mbele ya nyumba ya mjomba. Yunusi aliketi kando yake, amekunja uso. Mzee Amri, aliyesimamia shughuli, alimwambia Lukumani akinge mikono, akammiminia unga wa mtama viganjani. Ule uliogusa ngozi uligeuka kijivu, maana mafuta yalikuwa bado kwenye mistari ya viganja vyake. Mwantumu aliliona hilo, akauma mtandio wake.

"Nandonde!" Mzee Amri aliita.

Hakuna aliyeitika, maana huitikiwa mara ya tatu tu.

Mbali, upande wa barabara, injini iliguruma. Lukumani aliijua kwa kikohozi chake kabla hajaliona gari. Watu wakageuza shingo. Yunusi akatabasamu, akajisogeza katikati ya mkeka.

"Nandonde!"

Gari lilisimama chini ya mikorosho. Mlango ukafunguliwa, na askari akatangulia kushuka. Nyuma yake, katika mwanga ule wote wa saa sita, tochi ikawaka na kuanza kupita juu ya nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine. Magoti ya Lukumani yalitaka kuinuka. Mikono ilikuwa imejaa unga, hakuweza kuinuka bila kuumwaga.

"Nandonde!"

"Naam," aliitika Lukumani, na mwanga ukamfikia usoni.

Chini ya gari hapakuwa na karai. Tone la mafuta likadondoka, la pili likafuata, na mchanga wa Mtua ukayanywa.