Kamba za Haisogei

Katika nchi ya Haisogei, ambako watu waliamini kuwa ardhi ndiyo kitu pekee kisichomwacha mtu, palikuwa na desturi iliyoheshimiwa kuliko sheria zote. Maiti alipozikwa, mfiwa wake wa karibu alisokota kamba ya katani, akaitandaza kutoka kizingiti cha nyumba hadi jiwe la kaburi, akaikata hapo mbele ya mashahidi. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, kamba hiyo ilinyooshwa tena. Ikifika, watu walisema mapenzi yangali kamili. Ikizidi, walisema yameongezeka. Ikipungua, walisema mfiwa ameanza kusahau na ameikata kwa mkono wake, na haki ya kuzikwa ubavuni mwa marehemu ilimtoka.

Bi Wafaa alimzika mumewe Anisi wote wakiwa bado vijana, ng'ambo ya bonde liitwalo Mwachano, ambalo chini yake zilitoka chemchemi za maji ya moto. Miaka ilivyokwenda kamba yake ilipungua kidogo kidogo, naye akaivuta mpaka viganja vikachubuka. Sasa kichwa kimejaa mvi, kamba ilikoma dhiraa nzima kabla ya jiwe. Alipiga magoti, akanyoosha mkono kuliziba pengo lile, na mkono nao haukufika.

Lawama, mdogo wake Anisi, alimshitaki mbele ya Kadhi Yakini.

"Shemeji, hata mbuzi hukumbuka zizi lake," alisema barazani. "Dhiraa nzima imekwenda wapi? Umeanikia nguo?"

Watu wakacheka.

"Nguo zangu ni chache, Lawama, na kamba ya kuanikia ninayo," alijibu Bi Wafaa. "Ya kaka yako sijaitia kisu. Ukiniondoa ubavuni pake, nitalala wapi?"

"Pale nitalala mimi. Wewe ulimpata ukubwani. Mimi nilizaliwa nikamkuta."

Kadhi Yakini alikuwa mtu mwema aliyeshiba uhakika. Mama yake alizikwa nyuma ya mlima Kumbatio, na kamba yake ilizidi kila mwaka, naye akasifiwa kwa mapenzi yasiyochakaa.

"Mama, huenda umesahau bila kujijua," alisema kwa upole. "Usahaulifu haupigi hodi."

"Huenda, Mheshimiwa Kadhi. Siku nyingine sura yake hunipotea, nikabaki na sauti tu. Lakini naomba zinyooshwe kamba zote zinazovuka Mwachano. Nikionekana nimepungukiwa peke yangu, nitampisha shemeji bila neno."

Zikanyooshwa. Kumbe wengi walikuwa wameziunga kwa siri, kila mmoja akidhani aibu ni yake pekee; viungo vilipofunguliwa, hakuna kamba iliyofika. Za wafu wa zamani zilipungua sana, za wafu wa karibuni kidogo. Mwisho ikaletwa kamba ya mama kijana aliyemzika mwanawe mwaka uliopita, ambaye mpaka siku ile kila alipoketi magoti yake yalitikisika kama mwenye kubembeleza. Ilipungua upana wa ukucha.

"Huyu naye amesahau, Lawama?" aliuliza Bi Wafaa.

Kadhi akamtazama yule mama, akainamisha kichwa. "Twendeni Kumbatio," alisema.

Huko kamba zote zilizidi: ya Kadhi, na hata ya Bwana Kisirani, ambaye hakumlilia baba yake wala hakuficha.

Ndipo Haisogei ilipokiri kuwa nchi haikuwa sakafu moja. Ilikuwa vipande vikubwa vya mwamba vilivyolala juu ya mwamba mwingine wa moto, ujongeao polepole mno. Navyo vikajongea, mwendo wa kucha kuota. Vilikoachana, bonde lilipanuka. Vilikosukumana, ardhi ilikunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani, ikainuka milima.

"Nimewahukumu watu kwa safari ya nchi," alisema Kadhi. "Sifa zangu nazirudisha, hazikuwa zangu. Bi Wafaa atalala ubavuni mwa mumewe. Na tangu leo, kamba ikipungua, mwenyewe aiongeze mchana, mbele ya watu."

Siku ya pili Bi Wafaa alikuwa kaburini akisokota katani mpya, Lawama akaja akasimama kando.

"Nilitaka tu kuwa karibu naye, shemeji."

"Najua. Aliniambia utotoni ulikuwa ukilala miguuni pake, ukimpiga mateke usiku kucha. Miguuni pana nafasi. Nimekwisha kumwomba Kadhi, amekubali."

"Mateke alikuwa akipiga yeye."

"Basi mtaamuana huko huko. Shika ncha hiyo, usiivute sana."

Lawama akacheka, machozi yakimdondoka, akaketi chini akaishika. Na kamba ikafika.